Kitunda cha Malkia Mjini Goma

Basi la kutoka Kigali hushuka kwa kona nyingi hadi Gisenyi, na ukishafika Gisenyi ni kama umefika Goma. Miji hii miwili imegusana, imetenganishwa na mpaka tu. Nilivuka kwa miguu pale wanapopaita Petite Barrière, katikati ya akina mama wenye mabeseni ya nyanya na karoti kichwani, na watu wenye ulemavu wanaofanya biashara kwa baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni mizigo mpaka anayeziendesha haonekani. Saa yangu, iliyokuwa bado ya Tanzania, niliirudisha nyuma kwa saa moja tangu Rwanda. Ilikuwa mwaka 2023. Kazi iliyonileta ilikuwa ya siku za wiki. Jumapili ilikuwa yangu, na Jumapili hiyo nilikuwa nimealikwa kwenye mashindano ya sataranji.

Mgeni wa Goma huonyeshwa mlima kabla ya kuonyeshwa kitu kingine chochote. Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, umesimama kaskazini ya mji, na siku ya mawingu watu hukuonyesha mahali unapotakiwa kuwa. Tarehe 17 Januari 2002 ulipasuka ubavuni. Lava ikateremka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikaliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikamalizikia ndani ya Ziwa Kivu. Watu walikimbilia Gisenyi, kisha wakarudi mawe yakiwa bado na joto. Kuta nyingi za mji leo zimejengwa kwa mawe hayohayo meusi, na vumbi la barabarani ni jeusi pia. Ukipanda pikipiki kutoka Birere hadi Himbi unashuka suruali imebadilika rangi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, ila safari hiyo lava ilisimama pembezoni mwa mji. Kwenye mzunguko mmoja mkubwa kuna sanamu ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo bado hubeba viazi, mkaa na mbao kutoka milimani. Nimeona sanamu nyingi za marais na majenerali katika miji yetu. Hii ya mchukuzi naipenda kuliko zote.

Mwaka huo wa 2023 vita vilikuwa vimerudi karibu. Waliokimbia Rutshuru na Masisi walikuwa wamejaa kambini Kanyaruchinya na Bulengo, kwenye vibanda vya turubai vilivyosimikwa juu ya miamba ya lava ambako hata kuchimba choo ni kazi ya siku nyingi. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wenyewe uliingia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Nayataja haya kwa sababu hakuna anayeweza kuandika juu ya Goma akayanyamazia. Lakini safari hii nataka kuandika juu ya mchezo mmoja wa sataranji, hatua kwa hatua, kwa heshima ambayo magazeti huwapa mabingwa.

Nina sababu. Sataranji ya Afrika Mashariki, kila inaposimuliwa, huwa hadithi ya mtu kutoka mahali fulani. Dunia inamjua Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, na mwalimu wake Robert Katende. Filamu yao ilitoka mwaka 2016, na wanastahili kila sifa waliyopewa. Ila baada ya filamu hiyo, mtoto yeyote akionekana mbele ya ubao huulizwa mchezo utampeleka wapi. Katika chumba cha mashindano kule Himbi sikukuta mtu aliyekuwa akielekea popote. Nilikuta watu wazima na vijana waliolipa kiingilio ili wapewe mpinzani na saa, wakae, wafikiri.

Ukumbi ulikuwa madarasa mawili ya shule yaliyounganishwa kwa mlango wa mbao. Madawati yalipangwa mawili mawili, nyuso zikitazamana. Kete zilikuwa za plastiki na ubao wa nailoni wa kukunja. Kwenye meza ya tatu ngome moja nyeusi ilikuwa imepotea, na mahali pake palisimamishwa betri ya tochi. Wachezaji waliiheshimu betri ile kama ngome kamili. Saa halisi za sataranji zilikuwa chache, kwa hiyo meza za nyuma zilitumia simu, skrini imegawanywa nusu kwa nusu, kila mmoja akigonga upande wake. Mwamuzi, kijana mpole mwenye filimbi ambayo hakuipuliza hata mara moja, alitangaza kanuni kwa Kifaransa, akarudia kwa Kiswahili: ukigusa kete umecheza, simu za mfukoni zizimwe, anayemaliza anyamaze. Raundi 5, kila mmoja dakika 60. Wachezaji waliandika hatua zao kwenye madaftari ya shule yenye vimraba, kwa herufi za Kifaransa: C ni farasi, F ni askofu, T ni ngome, D ni malkia.

Nilicheza raundi zangu za asubuhi kwa furaha, na sina haja ya kuzisimulia. Kilichonifanya nikae hadi jioni ni raundi ya mwisho, meza ya kwanza.

Upande wa nyeupe alikaa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu wa miaka kama hamsini, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inaonekana. Watu wote walimwita Prof, na nusu ya waliokuwa mle ndani walifundishwa na yeye, kama si hesabu basi sataranji. Upande wa nyeusi alikaa binti wa chuo kikuu, mwanafunzi wa sheria, kitenge kiunoni na koti la baridi juu, maana Goma iko juu na upepo wa ziwani huuma kuanzia alasiri. Wote wawili walikuwa na pointi tatu na nusu. Kwenye meza ya pili dereva mmoja wa pikipiki, motari kama wanavyowaita, alikuwa na pointi hizohizo, akicheza haraka kama mtu ambaye abiria wake anamsubiri nje.

Prof alisogeza kitunda kilicho mbele ya malkia hadi d4, akagonga saa.

Wanaojifunza sataranji huanza na kitunda cha mfalme. Kinapofika e4 njia hufunguka mara moja, askofu na malkia wanatoka, na mapigano yanaanza kabla chai haijapoa. Lakini kitunda hicho hakina mlinzi pale kilipo. Cha malkia kikifika d4, malkia mwenyewe yuko nyuma yake anakilinda tangu hatua ya kwanza, na kwa sababu hiyo mpinzani hana cha kushambulia kwa haraka. Mchezo unajifunga, kila upande unapanga kete zake nyuma ya vitunda, na ugomvi unakuja baadaye. Jose Raul Capablanca na Alexander Alekhine walipogombea ubingwa wa dunia mjini Buenos Aires mwaka 1927 walicheza michezo 34, na katika 32 kati yake walianza kwa vitunda vya malkia vilivyotazamana. Wapo waliolalamika kwamba inachosha. Mimi naamini waliolalamika hawakukaa muda wa kutosha.

Hatua ya pili Prof alitoa farasi f3. Ya tatu, kitunda e3. Ya nne, askofu d3. Ya tano, kitunda c3. Binti alijibu kwa hatua za heshima: d5, farasi f6, e6, c5, farasi c6. Kabla hata nyeupe hajasogeza kete ya sita nilikuwa nimeshautambua mpango: ni wa Edgard Colle.

Colle alikuwa Mbelgiji wa mji wa Ghent, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufa mwaka 1932, akiwa kijana bado, mgonjwa wa tumbo aliyefanyiwa operesheni mara kadhaa na bado akawa bingwa wa nchi yake mara 6. Mpangilio huu unaitwa kwa jina lake. Mbelgiji mwenzake, George Koltanowski, yule aliyecheza na watu 34 kwa wakati mmoja mjini Edinburgh mwaka 1937 akiwa hatazami ubao hata mmoja, ndiye aliyeusambaza baada ya Colle kuondoka. Prof aliniambia baadaye kwamba aliupata kwenye kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, alichoachiwa na mwalimu wake mwenyewe. Ubelgiji uliacha mengi Kongo, na mengi yake watu wa Goma wangependa kuyasahau. Mpangilio wa Colle waliuchukua, wakaufanya wao.

Wachezaji wakubwa huwa wanaudharau. Husema ni wa mvivu: vitunda vitatu, c3, d4, e3, vinapangwa vilevile, mfalme anakimbizwa pembeni kwa ngome, na kila mchezo unafanana na wa jana. Sikubaliani nao. Mtu anayesahihisha madaftari ya wanafunzi mpaka saa nne usiku, kisha anatafuta maji, kisha umeme unakatika, hawezi kukariri kila kitu kipya ambacho kompyuta za Ulaya zimegundua wiki hii. Anahitaji mwanzo anaoujua kiasi kwamba akili yake ibaki na nguvu kwa ajili ya katikati ya mchezo, pale ambapo hakuna kitabu kinachomsaidia yeyote. Colle anampa hilo. Anachodai ni malipo ya kitu kimoja: askofu wa c1 anafungiwa ndani. Kitunda e3 kiko mbele yake upande mmoja, farasi wa d2 akamziba tena. Anakaa pale kwake, hatua baada ya hatua, akingoja.

Hatua ya 8 Prof alikula c5, na ya 9 akasukuma e4, mlipuko ambao mpangilio wote ulikuwa unautayarisha. Wengi wangetetemeka hapo. Binti alipeleka malkia c7 bila haraka, akamrudisha askofu d6, na hatua ya 11 farasi wake akaruka hadi g4, akitazama kitunda cha h2 mbele ya mfalme mweupe. Prof alimfukuza kwa h3. Farasi akahamia e5, na kuanzia hapo kete zikaanza kuliwa: farasi kwa farasi, kitunda kwa kitunda, farasi kwa farasi tena. Vumbi lilipotulia, baada ya hatua ya 16, farasi wote wanne walikuwa kwenye sanduku, na katikati ya ubao palibaki kitunda kimoja tu: cheusi, d5. Kushoto kwake hakuna mwenzake, kulia kwake hakuna.

Kitunda mpweke. Vitabu vina sura nzima juu yake. Kikiwa na kete nyingi nyuma yake kinatisha, lakini kila kete inapoondoka kinageuka mzigo, maana hakuna kitunda kingine cha kukilinda. Farasi walikuwa wameondoka. Prof alijua, na nilimwona akiegemea kiti kwa mara ya kwanza.

Alipeleka malkia h5, akitishia mat, yaani kufunga mchezo, pale h7. Binti akasogeza kitunda g6, sentimita chache tu za plastiki, na kitisho kikaisha. Kama angechagua h6 badala yake, askofu aliyelala c1 angejitoa mhanga pale h6 na ukuta wa mfalme mweusi ungebomoka. Waliosimama nyuma waliliona hilo pia. Nilisikia mtu akivuta pumzi. Malkia akarudi h4. Askofu mweusi akashuka e7 kumsumbua, na hapo, hatua ya 19, yule askofu wa c1 akatoka kwa mara ya kwanza, moja kwa moja mpaka g5. Alikaa uwanjani hatua moja. Binti akamla, malkia mweupe akarudisha, na Prof akaandika kwenye daftari lake kwa mwandiko wa ubaoni.

Sasa ilikuwa zamu ya nyeusi, hatua ya 20, na binti akaanza kufikiri.

Nje mvua ilianza, mvua ya Goma inayokuja bila kuaga, na juu ya bati ikawa haiwezekani kusikia chochote. Umeme ulikatika, mtu akafungua madirisha ya upande wa ziwa. Kwenye meza ya pili motari alipeana mkono na mpinzani wake, akaja kusimama karibu nasi akiwa na pointi zake nne na nusu. Saa ya binti ilikuwa inakula dakika zake. Alikuwa ameweka mikono yote miwili chini ya mapaja, kama wanavyofundishwa watoto ili wasiguse kete kabla ya kuamua, na macho yake hayakuwa kwenye d5. Yalikuwa d4.

Akatoa mkono mmoja, akakisukuma kitunda mpweke mbele. Kwenda kuliwa.

Ilinichukua muda kuelewa uzuri wake. Kitunda kilikwenda kusimama kwenye mraba uleule ambao Prof alikuwa ameanzia mchezo, mshazari na kitunda cheupe cha c3, kikisema nile. Prof alifikiri, akakila. Na mara tu alipokila, kitunda chake cha c kikawa d4, peke yake, bila mwenzake kushoto wala kulia. Ule upweke ulikuwa umehama upande. Binti akaleta ngome d8. Prof akakimbilia f6 na malkia ili akilinde. Binti akaweka malkia d6, mbele ya ngome, na sasa kitunda hicho cha d4 kilikuwa kinashambuliwa na wawili na kulindwa na mmoja. Hatua ya 23 kikaliwa. Malkia wakaondoka pamoja. Prof akajilipa kwa kitunda cha b7, binti akajilipa kwa cha b2, na hesabu ikarudi sawasawa.

Hapo ndipo binti alipoinamisha kichwa kidogo na kusema kwa sauti ya kumheshimu mkubwa, «Prof, tugawane?»

«Tucheze kwanza, mama,» alijibu. «Hayiyaisha.»

Na hakuwa na hasira. Alikuwa anataka pointi kamili, ni kweli, maana motari alikuwa amesimama palepale na ushindi wake. Lakini nadhani alitaka pia kumwona mwanafunzi wake akithibitisha. Sare ya kupeana mikono ni rahisi. Sare ya kuitetea kwa saa nyingine nzima ni kitu kingine. Vitunda vya kando vikaisha, maaskofu wakaliana pale d5, na wakabaki na ngome moja kila upande na vitunda vitatu kwa vitatu, vyote upande mmoja wa ubao. Huu ni mwisho ambao vitabu vinasema ni sare, na ambao watu wasiojua kuucheza hupoteza kila wiki. Prof alijaribu kila mlango. Alimpeleka mfalme mbele, akamrudisha. Akasukuma kitunda cha h, akatishia kutoka nyuma na ngome. Binti alikuwa na dakika sita, kisha nne. Aliweka ngome yake mbali, ikapiga mfalme kutoka pembeni kila alipokaribia, na hakusogeza kitunda kisicho na lazima. Hatua ya 58 Prof alinyoosha mkono.

Motari akawa bingwa. Zawadi ilikuwa saa ya sataranji, na watu walimpigia makofi ya kweli, naye akaahidi mbele ya wote kwamba itakaa shuleni pale ili meza moja zaidi iachane na simu. Kijana mmoja aliyekuwa ametembea kutoka kambi ya Bulengo alipata pointi mbili na nusu na akaondoka mapema ili asikutwe na giza njiani. Wengine walikunja mbao za nailoni. Mvua ilikuwa imepungua na harufu ya sambaza, samaki wadogo, za kukaanga ilikuwa inaingia kutoka nje.

Meza ya kwanza haikukunjwa. Prof alikuwa ameshazirudisha kete mahali zilipokuwa baada ya kitunda mpweke kusukumwa d4, bila kutazama daftari.

«Hapa,» alisema, akigonga c3 kwa ukucha. «Singekula. Ningepita, c4. Kitunda chako kinabaki pale d4, askofu wangu anakizuia, na mimi nina vitunda vitatu kwa viwili upande huu.»

«Lakini kimepita, Prof,» binti alisema. «Hakuna kitunda chako cha kukizuia tena. Unakizuia na askofu, basi askofu amefungwa. Mimi ninaleta ngome e8.»

«Leta basi.»

«Mimi nimechoka, Prof. Mgeni alete.»

Watu wakasogea kunipisha. Nikakaa upande wa nyeusi, nikachukua ngome ya f8, nikaiweka e8, na Prof alikuwa ameshajibu kabla sijainua mkono kutoka juu ya kete.